Kufunga Gesi

Kwenye gereji za kwetu neno kufunga lina kazi mbili na hakuna anayezichanganya. Ukimwambia fundi akufungie tabo, anajua unataka chombo kikae mahali pake, kikazwe, kifanye kazi. Ukimwambia afunge koki, anajua kuna kitu hutaki kipite. Nililelewa na neno hilo Iringa, chini ya malori ya barabara ya Zambia, na kwa miaka yote ile sikuwahi kulitazama. Ilibidi nifike Colorado, kwenye gereji moja pembezoni mwa Denver, nisimame mbele ya pikapu ya dizeli iliyoletwa kufungwa mfumo wa propani, ndipo nilipoona kwamba katika kazi hii maana zile mbili haziachani. Gesi hufungwa ili iweze kufungwa.

Aliyenifundisha ni mzee wa pale, mtu wa maneno machache, aliyeanza ufundi akiwa kijana kwenye mashamba ya ng'ombe. Huko propani ni kitu cha nyumbani. Tangi jeupe linalala uani, linapasha nyumba joto wakati wa theluji, linapika chakula. Mfugaji mwenye tangi hilo, na mwenye pikapu inayovuta treila la farasi, hakuhitaji kufikiri sana kabla ya kuuliza kama hivyo viwili vinaweza kukutana.

Vinaweza, na wazo lenyewe ni la zamani. Rudolf Diesel mwenyewe, mwanzoni mwa karne ya 20, alikwisha kuwaza injini inayobana mchanganyiko wa hewa na gesi, kisha kuuwasha kwa mafuta machache yanayojiwasha yenyewe. Kuna jambo la mwaka 1913 ambalo hunijia kila ninapobeba tangi. Mwezi Machi mwaka huo, Walter Snelling, mkemia Mmarekani aliyeitambua propani alipokuwa akichunguza petroli iliyokuwa ikivukiza ovyo, alipewa hataza yake. Septemba ya mwaka huohuo Diesel alipanda meli iitwayo Dresden kwenda Uingereza, na usiku akatowekea baharini. Hawakukutana watu hawa. Zilizokutana ni kazi zao, na zinakutana kwenye bomba la hewa la pikapu ya mfugaji.

Sasa, kinachotokea humo ndani ndicho kilichonifanya niipende kazi hii. Dizeli huingia kwenye silinda dakika za mwisho, pistoni ikiwa karibu imefika juu, hewa ikiwa imebanwa mara 17 na imepata moto. Inaingia kama matone. Matone hayo hayana muda. Yanatakiwa yavukize, yatafute hewa, yaungue, yote hayo kabla pistoni haijashuka, na yale yasiyopata hewa kwa wakati ndiyo moshi mweusi unaouona nyuma ya gari lililozidiwa na mlima. Propani haiingii hivyo. Inaingia mapema, pamoja na hewa, imeshachanganyika nayo tangu mlangoni, imetandaa hadi kwenye pembe ambazo tone la dizeli halifiki. Na inasubiri. Dizeli hujiwasha kwenye nyuzi 210 hivi. Propani hutaka karibu 470, na hata ikizifikia huchelewa kushika. Kwa hiyo dizeli ndiyo kiberiti. Tone la kwanza linapowaka, gesi iliyolizunguka hushika na kuupeleka moto kwenye hewa ambayo ingetoka bure.

Ila gesi haileti hewa. Hilo mzee alilirudia kwa kila mteja. Propani nayo ni mafuta, nayo inataka oksijeni, na lita yake moja ina nguvu kama asilimia 70 tu ya lita ya dizeli, tena inanunuliwa. Anayekuja akiamini atapunguza gharama kwa nusu anaambiwa ukweli kabla spana haijaguswa. Faida yake ni kuungua vizuri zaidi pale injini inapobanwa, na hiyo kwa mtu anayepandisha farasi mlimani inatosha.

Ukizidisha, ile subira ya propani inakwisha. Inawaka kabla dizeli haijaiita, yote kwa mkupuo, na pistoni inayopanda inakutana na moto unaoshuka. Sauti yake ni kugonga kwa chuma juu ya chuma, kukavu, kama nyundo kwenye fuawe. Nimeiona pistoni iliyopitia hayo: tundu katikati ambalo kidole cha shahada kinapita.

Ndiyo maana kazi huanza kwa kukataa. Injini hupimwa mbano wa kila silinda. Nozeli hutolewa na kutazamwa zinavyorusha: ukungu mzuri au matone ya kudondoka. Tabo hushikwa shafti na kutikiswa. Ea klina, hosi, gasketi, maji ya rejeta, vyote. Injini mgonjwa haipewi gesi, kwa kuwa itaonyesha nguvu kwa wiki mbili halafu ife na mteja aseme ilikuwa nzima. Pia kuna magari ambayo hayaguswi hata yakiwa na afya. Sheria ya Hewa Safi ya Marekani inakataza kuharibu au kung'oa vifaa vya kudhibiti moshi, na mzee alikuwa na kanuni yake juu ya ile ya serikali: tunaongeza, hatung'oi. Nimemwona akirudisha pesa taslimu mezani.

Gari ninalolikumbuka zaidi ni Dodge ya katikati ya miaka ya 1990, yenye Cummins ya lita 5.9, silinda 6 na vali 12. Pampu yake ni ya chuma na springi, hakuna kompyuta ya kubembelezwa. Tulikuwa watatu: mzee, mimi, na kijana wa kutoka Goma aliyekuwa na miezi michache tu kazini na ambaye, kwa desturi ya kwao, aliniita yaya, yaani kaka mkubwa.

Kitu cha kwanza kufungwa hakikuwa cha gesi kabisa. Kilikuwa kipimajoto cha moshi. Fundi asiyekiweka kwanza anapandisha mlima amefumba macho, maana joto la moshi kabla ya tabo ndilo linalosema hali ya pistoni, na pistoni ni aluminiamu, chuma kinachoyeyuka kwenye nyuzi 660. Oili inayorushwa chini yake na hewa inayoingia kwa zamu ndivyo vinavyoiokoa. Ili kipimo kiingie, lazima manifoldi ya moshi itobolewe, na hapo mzee aliniachia keekee kwa mara ya kwanza. Unapaka ncha ya keekee grisi nzito ili unga wa chuma unate. Unatoboa kidogo, unatoa, unafuta, unapaka tena. Ukikaribia kutokeza, injini huwashwa ili moshi usukume unga wa mwisho nje badala ya kuuacha uingie ndani. Mbele ya tundu hilo kuna tabo ambayo mapanga yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kipande kimoja cha chuma, kidogo kama chembe ya mchele, kinatosha kuyavunja. Nilitumia nusu saa kwa tundu ambalo mtu mwenye haraka angelimaliza kwa dakika mbili. Mzee hakusema kitu. Alichukua kitambaa, akahesabu uchafu ulionasa kwenye grisi, akanipa kipimajoto nikifunge.

Tangi lilikaa nyuma ya kabini, limepitishiwa bolti hadi chini ya bodi, na vipande vya bamba upande wa chini ili bolti zisiraruke siku ya ajali. Halijazwi zaidi ya asilimia 80. Propani ikiwa bado maji huvimba sana kwa joto, na tangi lililojaa kabisa asubuhi ya baridi halina pa kuvimbia mchana wa jua. Mpira wa gesi ulipita mbali na bomba la moshi, na kila ulipopenya bati uliwekewa raba ya kuuzuia usikwaruzwe. Kisha chombo cha kuvukiza, ambacho hupashwa kwa maji ya moto ya injini yanayochotwa kwenye hosi ya hita. Wakazi wa nchi za joto tunaweza kulisahau hili: propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, na inapogeuka mvuke hunyonya joto la chochote kilicho karibu. Usiku wa Januari wa Colorado, bila maji ya moto, chombo hicho kingeganda barafu kikiwa kazini.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa nimeweka koki ya mkono kwenye tangi na vali ya umeme karibu na injini, nikajivunia kwamba gesi ina milango miwili. Mzee alipitisha kidole juu ya mpira kutoka mlango mmoja hadi mwingine, akaniuliza: milango yote miwili ikifungwa, maji yaliyobaki katikati yatakwenda wapi jua likiwaka? Sikuwa na jibu. Yangepasua mpira. Kati ya mifungo miwili lazima pawe na vali ndogo ya kupumulia, inayofunguka yenyewe presha ikizidi na kutupa gesi nje mahali pasipo na cheche. Nilikuwa nimefunga vizuri mno. Niliushusha mpira wote nikauanza upya, na tangu siku hiyo, kwenye mfumo wowote, hata wa maji ya kuoga, macho yangu hutafuta kwanza mahali pa kupumulia.

Milango yenyewe inastahili kusifiwa kwa namna ilivyofikiriwa. Vali ya umeme hufungwa na springi. Umeme kazi yake ni kuifungua tu. Waya ikikatika, fyuzi ikiungua, betri ikifa, mlango umefungwa. Na umeme wenyewe haupiti mpaka watatu wakubaliane: swichi ya ufunguo, presha ya oili inayothibitisha kwamba injini inazunguka kweli, na presha ya tabo inayothibitisha kwamba gari liko kwenye mzigo. Mmoja akisema hapana, ni hapana. Tuliweka vali mbili za namna hiyo, moja tangini na moja karibu na injini, na kila moja ikijifunga hutoa mlio mdogo: tak.

Kisha maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na macho yaliyotulia. Povu la uvujaji mdogo huchukua muda kuumbika. Ukiharakisha utapita kabla halijazaliwa. Na pua pia. Propani haina harufu. Ile kama ya kabichi iliyooza huongezwa makusudi. Chanzo cha desturi hiyo kuwa sheria ni huzuni: Machi 1937, huko New London, Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilijaa chini ya shule na kulipuka, ikaua karibu watu 300, wengi wao watoto. Miezi michache baadaye Texas ikaagiza gesi itiwe harufu. Propani ni nzito kuliko hewa, haipandi ikapotea kama moshi. Inatambaa chini na kukaa kwenye mashimo. Kwa hiyo kunusa kwake ni kwa kuinama. Mzee wa miaka yake, mwenye magoti mabovu, alipiga magoti pande zote nne za pikapu ile, pua karibu na sakafu, na sisi vijana tukafuata nyuma yake kimya.

Siku ya tatu tulikwenda mlimani. Barabara ya I-70 inatoka Denver, kwenye mita 1,600, inapanda hadi handaki la Eisenhower, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Treila lilikuwa nyuma na farasi wawili wa mteja ndani. Nilipokuwa mtoto nilikuwa nikikaa kwenye kona za mlima Kitonga kutazama malori yakipanda, utingo akitembea kando na gogo mkononi, tayari kuliweka nyuma ya tairi. Nilijua sauti ya injini inayoomba. Nikawa naisubiri ile.

Tulianza na nozeli ya gesi iliyo ndogo kuliko zote. Kwenye mwinuko wa kwanza presha ya tabo ilifika, swichi ikakubali, na sikusikia mlipuko wowote wa nguvu. Mngurumo ulinenepa kidogo tu, ukawa mviringo, kama mtu aliyesafisha koo. Kwenye kioo cha pembeni moshi ulikuwa mwepesi. Sindano ya kipimajoto ilipanda hadi 620, ikakaa. Mteja, aliyekuwa kwenye usukani, alisema bado kuna nafasi hadi 700 na akauliza kuhusu nozeli inayofuata. Mzee alikuwa nayo mfukoni, nilimwona akiigusa. Akamwambia aendelee kuendesha. Karibu na handaki, hewa ikiwa nyembamba, sindano ilifika 670 bila mtu kubadilisha chochote, na mteja hakuuliza tena.

Tulirudi jioni. Farasi waliteremshwa, wakanyweshwa maji. Mteja alihesabu pesa, na mzee akaanza kuvua ovaroli. Kilichobaki ni kitu kimoja ambacho hufanywa kila mara kabla gari halijakabidhiwa: injini inazungushwa, gesi inaitwa kwa kuijaribu swichi kwa mkono, kisha ufunguo unazimwa na watu wote wananyamaza. Yule kijana wa Goma alilala chini ya bodi karibu na tangi. Mimi nilisimama kwenye boneti. Mzee akazima.

Tak.

Tulisubiri.

"Yaya," akaita kutoka chini, "huku kwangu haikulia."

Mteja alikuwa ameshanyoosha mkono kupokea ufunguo. Mzee akautia ufunguo mfukoni mwake, akaingiza tena mkono kwenye ovaroli, na mimi nikaenda kuchukua tochi.