Namna ya Kumpima Chatu wa Uzao Bora

Mfugaji akikutolea chatu mwenye rangi ya kupumbaza macho, iache rangi kwanza. Muulize baba yake ni yupi, mama yake ni yupi, na wote wawili walizaliwa na nani. Asiyekuwa na daftari la kukujibu anauza rangi tu, na rangi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii.

Ninayemzungumzia ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, wa Ghana, Togo na Benin. Porini huwa mweusi mwenye mabaka ya kahawia. Mwaka 1992 mfugaji wa Marekani, Bob Clark, alifanikiwa kuzalisha albino wake wa kwanza, na tangu hapo rangi zimezidi kuongezeka. Fundi hutambulikana kwa jambo moja: kabla jike hajataga, anaweza kukueleza kitakachoweza kutoka na kwa uwezekano gani.

Ualbino hurithiwa kwa jeni inayojificha. Mtoto asipopata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, hataonyesha chochote, ila ataibeba. Ukipandisha wabebaji wawili, kila yai lina nafasi moja katika nne ya kutoa albino. Zingatia hilo neno “kila”: yai halijui jirani yake limetoa nini. Jike akitaga mayai 6, karibu mara 18 katika 100 hatapatikana albino hata mmoja, na hapo hakuna aliyedanganywa. Anayekuahidi kwamba mayai 4 lazima yatoe albino mmoja, huyo ndiye wa kuogopwa.

Ndugu wa albino hao wenye rangi ya kawaida huuzwa kama wabebaji wa asilimia 66. Maana yake ni kwamba katika kila watatu wa namna hiyo, kwa wastani wawili wanayo jeni na mmoja hana. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Wako wanaodai kumjua mbebaji wa rangi ya Piebald kwa alama za tumboni. Alama hizo zinaweza kukufanya ushuku, lakini hazithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni uzazi. Jike unayemshuku kuwa mbebaji wa ualbino mpandishe na dume albino. Akitoka albino mmoja tu, shauri limekwisha. Yakianguliwa mayai 6 na wote wakawa wa kawaida, kama kweli alikuwa mbebaji basi limetukia jambo la nafasi moja katika 64. Hata hivyo, uliza kama aliwahi kukaa na dume mwingine msimu uliotangulia, kwa sababu jike wa chatu huweza kutunza mbegu kwa miezi mingi, na watoto unaowahesabu huenda si wa dume unayemdhani.

Swali la kumpima mfugaji anayejiita mjuzi ni hili: chatu mweupe mwenye macho ya buluu, aliyepata jeni ya Mojave upande mmoja na ya Lesser upande mwingine, akipandishwa na wa kawaida atatoa nini? Jeni hizo mbili hukaa mahali pamoja kwenye kromosomu, kwa hiyo kila mtoto atapata Mojave au Lesser, hatapata zote mbili wala hatakosa zote. Akikujibu kwamba baadhi watatoka weupe, funga mkoba wako. Kwa rangi ya Banana swali ni la jinsia, maana jeni hiyo iko kwenye kromosomu za jinsia: dume aliyeirithi kwa mama yake, watoto wake wa Banana karibu wote huwa majike, aliyeirithi kwa baba, karibu wote huwa madume.

Sasa mtazame nyoka mwenyewe. Mpitishe taratibu kati ya vidole kuanzia shingoni hadi mkiani, ukitafuta mahali uti wa mgongo ulipopinda. Mpindo huweza kuletwa na joto kali wakati wa kuatamiza, na aina nyingine kama Caramel zinajulikana kwa tatizo hilo. Kinywa kisiwe na mapovu. Mgeuze chali: mwenye afya hujirudisha mara moja.

Hapo ndipo chatu wa aina ya Spider anaposhindwa. Ana michirizi mizuri sana, na ndiyo maana soko linampenda. Lakini kichwa chake hutikisika, wakati mwingine hupinduka akatazama juu, na akimrukia panya humkosa. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba sikio lake la ndani limeumbika vibaya. Kasoro na rangi husafiri pamoja, na kizazi baada ya kizazi hakuna aliyefaulu kuzitenga. Muuzaji atasema wake hatikisiki. Wako ambao hutikisika kidogo sana, lakini watoto wao huweza kuwa taabani. Mimi simhesabu Spider kuwa uzao bora hata akiwa amechorwa vipi, na anayeendelea kumzalisha namwondolea alama za ufundi.

Mwisho, omba rekodi ya uzito wa mama. Majike wengi hufaa kupandishwa wakifika takriban gramu 1,500. Aliyepandishwa akiwa mwepesi mno alifanyiwa haraka ya fedha. Na mtoto unayemnunua awe amekwisha kula mara kadhaa mbele ya mfugaji, kila mlo umeandikwa na tarehe yake.