Kalibu ya Majivu: Jinsi Mbawakawa wa Rusinga Walivyohifadhiwa

Nyuma ya nyumba za mabati hapa Mukuru kwa Reuben, upande unaotazama viwanda vya Industrial Area, kuna fundi anayesubu puli za mashine za kusaga unga. Huchukua puli ya mbao, akaiweka ndani ya kasha lisilo na chini, akaifunika kwa mchanga mweusi uliolowa kidogo, kisha akaushindilia mpaka ukaze kama ukuta. Akiligawa kasha na kuitoa ile mbao, mchangani hubaki uwazi wenye umbo lake lote: mfereji wa mkanda, tundu la katikati, hata ufa mdogo wa mbao pale ilipopasuka. Humo ndimo anamomimina aluminiamu iliyoyeyushwa.

Nilimuuliza wapi kazi huharibika. Akasema, “Kwa maji na kwa wakati.” Mchanga ukikauka mapema, kingo humomonyoka. Ukilowa kupita kiasi, huchemka aluminiamu inapoingia, na puli hutoka na matundu. Jibu hilo limenisaidia kuelewa visukuku vya wadudu kuliko vitabu kadhaa nilivyosoma kabla yake.

Nianze na ugumu wenyewe. Mfupa wa ndovu ni madini tayari, na ukifukiwa vizuri una nafasi ya kudumu. Mdudu hana mfupa. Gamba lake ni kitini, dutu ngumu lakini yenye kuoza, ambayo kuvu na bakteria huila bila taabu. Msimu wa mvua uliopita mbawakawa mmoja aliifuata taa yangu, akajigonga kwenye bati, akafa. Nilimweka juu ya kizingiti ili nimtazame asubuhi. Asubuhi siafu wadogo walikwisha kumbeba kichwa na miguu, tumbo lilikuwa tupu, na yalibaki yale magamba mawili ya mgongoni, moja limelala chali kama kijiko. Ikiwa usiku mmoja unatosha kumfanya hivyo, yupi anafika miaka milioni 18 akiwa na miguu yake?

Wapo waliofika, tena hapa kwetu, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, kaunti ya Homa Bay.

Kabla ya hapo nitenganishe majina, kwa kuwa Nairobi kila mdudu mwenye mgongo mgumu huitwa mende. Mbawakawa si mende. Mtazame mgongoni: mabawa yake ya mbele yamegeuka kuwa vifuniko vigumu, vinavyokutana katikati kwa mstari mmoja ulionyooka. Mabawa ya mende hupandana, moja juu ya lingine. Alama hiyo ndogo ndiyo mtaalamu anayoitafuta kwanza anapookota kipande cha jiwe, na mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki. Mbawakawa wa kale kabisa anayejulikana, Coleopsis wa Ujerumani, ana umri wa karibu miaka milioni 295. Leo mbawakawa waliopewa majina ya kisayansi ni kama aina 400,000, wakati utafiti mkubwa wa mwaka 2015 wa Dena Smith na Jonathan Marcot uliokusanya kumbukumbu za mawe uliweza kupata aina 5,553 tu, kutoka maeneo 221 ya dunia nzima. Hebu linganisha tarakimu hizo mbili. Historia ya miaka karibu milioni 300 imetuachia aina chache sana kuliko zinazoruka leo.

Kwa hiyo katika kila eneo lenye wadudu wa mawe swali langu ni moja: nini kiliwahi kabla ya siafu?

Rusinga na Mfangano ni mabaki ya mbavu za volkano kubwa ya zamani, Kisingiri, ambayo kitovu chake ni vilima vya Rangwa ng'ambo ya maji, upande wa bara. Volkano nyingi hutoa majivu yenye silika. Kisingiri ilikuwa ya jamii nyingine, ile inayotoa kabonatiti, na majivu yake yaliyogeuka mawe yamejaa chokaa. Jamii hiyo haijatoweka. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron nchini Tanzania, ndiyo volkano pekee hai leo inayotoa lava ya kabonatiti. Lava yake yenye magadi hutoka nyeusi kama lami, kisha unyevu wa hewa huigeuza nyeupe upesi. Mwamba huo hukutana na maji na kubadilika papo hapo, na hilo ndilo jambo la kushika.

Mtu yeyote aliyewahi kuchanganya saruji uani anaweza kuufuata mchakato. Majivu yenye chokaa huanguka juu ya majani, matunda na wadudu wa sakafu ya msitu. Mvua hunyesha. Sehemu ya chokaa huyeyuka, hupenya kila mwanya, kisha maji yakipungua hurudi kuwa fuwele na kuifunga chembe moja na nyingine. Majivu yanakuwa kalibu. Mdudu akioza ndani yake, kalibu haimfuati. Umbo linasimama, na maji yenye chokaa yanayoendelea kupita huujaza ule uwazi kwa kalsiti. Nafasi ya aluminiamu ya fundi wetu imechukuliwa na jiwe. Zaidi ya hapo, chokaa huzuia tindikali, na udongo wa msitu kwa kawaida una tindikali inayomaliza hata mifupa. Bahati ya Rusinga ilikuja mara mbili: ukazaji wa haraka, na udongo usioozesha kila kitu.

Ndiyo maana wadudu wa huko hawakubanwa. Katika maeneo mengi mashuhuri ya dunia mdudu wa kale ni picha bapa kwenye jiwe la matope ya ziwa, kama ua lililokaushwa ndani ya Biblia. Wa Rusinga ni mviringo. Unaweza kumgeuza na kuona tumbo. Louis Leakey alipotangaza wadudu na viumbe wengine wasio na uti wa mgongo wa Kenya katika jarida la Nature mwaka 1952, kilichowashangaza wasomaji ni kwamba hata viumbe laini, viwavi wakiwemo, walikuwa wamehifadhi umbo lao kamili. Kiwavi ni mfuko wa maji wenye miguu. Kumpata akiwa mviringo kunaeleza mengi kuhusu kasi ya ukazaji ule, maana mwili kama huo haungoji.

Kwa bahati mbaya miaka hiyo macho yote yalikuwa kwenye nyani. Mary Leakey aliokota fuvu maarufu la nyani wa kale, Proconsul, huko Rusinga mwaka 1948, na tangu hapo jina la kisiwa limefungwa na fuvu hilo. Sipingi heshima hiyo. Lakini fuvu linakuonyesha mkazi mmoja, na wadudu wanakuonyesha mtaa aliokaa.

Mfano bora ni wa Mfangano. Humo kilipatikana kipande cha koloni la maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani ya miembe Pwani na kumuuma vibaya mtoto anayepanda mti. Mwaka 1964 Edward O. Wilson na Robert Taylor walikichambua na kukiita Oecophylla leakeyi. Walihesabu visukuku 366: mabuu 197, pupa 105 za wafanyakazi, na vipande 64 vya wafanyakazi wakubwa kwa wadogo. Hebu tutulie hapo. Chungu mmoja katika jiwe hukuambia kwamba chungu walikuwapo. Chungu 366 wa nyumba moja, waliofungwa kwa tukio moja, wanakuruhusu kupima jamii. Wilson na Taylor walipima ukubwa na kupanga vipimo kwa wingi. Vipimo havikutoa kilima kimoja bali viwili: kundi la wadogo na kundi la wakubwa, wa kati wakiwa wachache. Maji moto wa leo wako vivyo hivyo. Wakubwa huvuta majani, hulinda na kuwinda. Wadogo hukaa ndani wakilea watoto. Mgawanyo huo wa kazi umeonekana katika jiwe la Miosini, zama walizoishi viumbe hawa wa Rusinga na Mfangano, kwa kutumia kipimo cha upana tu, bila kumwona chungu hata mmoja akitembea.

Mbinu hiyo naipenda kwa sababu haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji idadi, na idadi ililetwa na kalibu iliyofunga wote pamoja.

Sasa mbawakawa wenyewe. Mwaka 1976 Mfaransa Renaud Paulian alieleza mbawakawa watatu wa mavi kutoka Miosini ya Kenya. Majina aliyowapa ni ramani ya kwao: Metacatharsius rusingae, Anachalcos mfwangani, na Copris leakeyorum kwa heshima ya kina Leakey. Kinachopaswa kutushtua ni jina la kwanza la kila mmoja. Metacatharsius, Anachalcos na Copris si koo zilizokufa. Zote zinaishi Afrika hadi leo. Aina imetoweka, ukoo umebaki, na ukimweka mjukuu kando ya babu yake wa mamilioni ya miaka unaona mwili wa kazi ileile: kichwa kama koleo, miguu ya mbele yenye meno ya kuchimbia.

Hapo Rusinga inakutana na hesabu ya Smith na Marcot. Waligundua kwamba katika tawi kubwa la mbawakawa, Polyphaga, familia nzima kutoweka ni jambo ambalo karibu halikutokea kwa sehemu kubwa ya historia yao. Tunazoea kusimulia historia ya uhai kama msururu wa misiba. Kwa mbawakawa simulizi ni ya uvumilivu, na wa Rusinga ni mashahidi wenye miguu.

Nao wanatoa ushahidi juu ya wengine. Mbawakawa wa mavi hafiki mahali pasipo na mavi. Matabaka ya Rusinga yametoa pia faru na jamaa za ndovu wa kale, kwa hiyo meza ilikuwa imeandaliwa. Mdudu wa urefu wa ukucha anathibitisha shughuli za mnyama wa tani kadhaa, naye anaongeza jambo ambalo mfupa hauwezi: kwamba mavi hayo yalikuwa yakifukiwa, na ardhi ikirutubishwa.

Lakini uchambuzi hauishii kwenye kutoa majina. Mwaka 2016 Sergei Tarasov na wenzake waliipitia upya orodha nzima ya visukuku vya mbawakawa wa mavi duniani, vikiwa 33 vyenye majina, wakaongeza viwili vipya. Kati ya hivyo 35, ni 21 tu walivyoona vina ushahidi wa kutegemewa. Vilivyobaki 14 viliwekwa kwenye shaka, vikiwemo viwili vilivyodaiwa kuwa vya zamani kuliko vyote. Umri wa chini wa kundi ukashuka hadi miaka milioni 53, kwa kisukuku cha kaharabu ya Oise, Ufaransa. Wengine huona marekebisho kama hayo kuwa aibu kwa wataalamu. Mimi nayaheshimu kuliko ugunduzi wenyewe. Picha bapa iliyofutika inamruhusu mtu kuona mguu wenye meno pale anapoutamani. Jiwe lenye pande zote humnyima nafasi hiyo.

Kuna gharama lakini. Mfupa uliofungwa ndani ya jiwe la chokaa husafishwa kwa tindikali hafifu, ya jamii ya siki: chokaa inayeyuka, mfupa ambao ni fosfeti unabaki. Dondosha siki kwenye ganda la yai utaona mapovu. Mdudu wa kalsiti ukimtumbukiza humo anayeyuka pamoja na jiwe lake, maana wote wawili ni chokaa. Inabaki sindano, lenzi na subira, au kungoja mvua na jua la Rusinga zimtoe taratibu mlimani, na aokotwe kabla ng'ombe hajamkanyaga. Picha za eksirei za pande tatu zimefungua njia nyingine, ya kuangalia ndani bila kugusa.

Pwani wana kalibu ya aina nyingine, na Waswahili waliijua zamani: sandarusi. Utomvu wa msandarusi ulichimbwa ardhini Mrima na kusafirishwa kupitia Unguja hadi Salem, Marekani, kutengeneza vanishi katika karne ya 19. Ndani ya vipande vingi mna wadudu wazuri ajabu, na unyoya wa kila mguu unaonekana. Ila sandarusi ni changa ukiilinganisha na kaharabu. Pendekezo la mwaka 2020 la Mónica Solórzano-Kraemer na wenzake linataka utomvu uliotoka baada ya mwaka 1760 usiitwe hata kopali, jina la kitaalamu la utomvu mchanga kama huu. Tena utomvu huchagua. Humnasa anayetembea kwenye gome la mti, mdogo asiye na nguvu ya kujinasua. Mviringisha mavi mnene wa chini ana nafasi ndogo sana ya kuingia humo. Majivu ya Kisingiri yaliwaangukia wote.

Mbita, penye daraja la kuingilia Rusinga, kituo cha icipe chenye jina la Thomas Odhiambo, Mkenya aliyeanzisha taasisi hiyo ya utafiti wa wadudu mwaka 1970, huchunguza wadudu walio hai wa mashamba ya leo. Ng'ambo tu ya maji ndugu zao wamelala kwenye jiwe. Sijui mahali pengine Afrika Mashariki ambapo mwanafunzi anaweza kuwashika wote wawili siku moja, na natamani watoto wa shule zetu za Mukuru wapelekwe huko kabla hawajakariri kwamba visukuku ni mafuvu.

Juzi mvua ilirudi, na mbawakawa mwingine akaja kwenye taa. Safari hii sikumwacha kizingitini. Nilimfunika kwa glasi, nikachukua lenzi ya fundi wa saa wa jirani, nikamlaza chali. Mguu wa mbele ulikuwa mpana, bapa, wenye udongo mwekundu kwenye ncha. Nikahesabu meno yake, kisha nikainua glasi akaenda zake gizani.