Namna Sanamu ya Stanley Ilivyoondolewa Ngaliema

Atakaye kufahamu hila ya sanamu iwekwayo kileleni na atazame kwanza ilikoelekezwa uso. Kwani ile ya Henry Morton Stanley, iliyotengenezwa na Mbelgiji Arthur Dupagne na kusimamishwa mwaka 1956 juu ya kilima cha Ngaliema, Kinshasa, ilipewa mkono ulioinuliwa kukinga jua, ili apitaye chini adhani kwamba mto mzima wa Kongo, pamoja na waja wakaao kandoni mwake, ni milki ya jicho lile. Na kilima chenyewe kina jina la chifu aliyeshindana naye juu ya ardhi mwaka 1881. Kumpandisha mgeni hapo kulikuwa kumhukumu mwenyeji pasipo kadhi.

Mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipoazimia kuzifuta alama za ukoloni, palikuwa na mas'ala ya ufundi. Sanamu ya shaba nyeusi kwa desturi ni gamba lenye uwazi ndani, zito kifuani, jembamba vifundoni, na nondo zake huzama katika kitako. Kuzilegeza nondo kwataka muda na subira. Kuvunja vifundo kwataka nguvu tu. Ikavunjwa vifundoni, kiwiliwili kikalazwa katika karakana ya serikali, juu ya mashua ya chuma ya zama za Stanley mwenyewe.

Nia ilikuwa ya haki, na nasema hivyo bila kusita, lakini kazi ilifanywa kwa pupa. Sisi wa Bukavu twajua njia nyingine: hadi mwaka 1954 mji huu uliitwa kwa jina la Costermans, makamu gavana aliyejiua Machi 1905 baada ya tume ya uchunguzi kukusanya ushahidi wa maovu ya utawala wake. Jina hilo lilifutwa kwa kalamu, na wakoloni wenyewe, na pamoja nalo ikafutika kesi nzima. Vijana wa Kadutu, humu mjini, ninaowauliza hawamjui Costermans.

Baadaye Stanley alirudishwa Ngaliema, katika viwanja vya makumbusho. Wasimamizi na waandike kando yake, kwa herufi za kusomeka, amri iliyomwangusha na mwaka wake, kisha wawataje waungwana wa Zanzibar waliotoka naye Bagamoyo Novemba 1874, ambao zaidi ya nusu yao hawakufika mwisho wa safari, mji wa Boma, wakianza na Uledi, nahodha wa mashua ya Lady Alice.