Tafsida ya "Soksi": Remmy Ongala na Mlango wa Redio

Wanafunzi wa fasihi tukipewa wimbo wa dansi tuuhakiki, kazi yetu huwa ni ile ile: dhamira, ujumbe, tamathali za semi, basi. Mtunzi "anaionya jamii", tunafunga daftari. Makala haya yanadai kuwa uhakiki wa namna hiyo una pengo kubwa, kwa sababu hauulizi wimbo ulipita mlango gani hadi ukamfikia msikilizaji.

Hebu tuangalie historia. Baada ya Uhuru, bendi nyingi kubwa za Tanzania Bara zilikuwa za vyombo vya umma. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Wanamuziki wakawa waajiriwa, na vyombo vikawa mali ya chama. Kurekodi kulifanyika hasa Radio Tanzania Dar es Salaam, na hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 hapakuwa na redio binafsi ya kushindana nayo. Mtunzi wa mazingira hayo akiimba kwa mafumbo, jamani, tutasema ni ufundi wa lugha tu?

Tuchukue "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala na Super Matimila, wa yapata mwaka 1990. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wamegunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu walizidi kufa. Remmy, aliyeuita muziki wake "ubongo", akahimiza matumizi ya kondomu, akaiita kwa neno la mtaani: soksi. Darasani tutajibu haraka kwamba hiyo ni tafsida, imepunguza ukali wa neno. Mbona basi Radio Tanzania ilikataa kuupiga?

Jibu ni kwamba neno hilo lilikuwa na wasikilizaji wa aina mbili. Kwa mwenye redio, soksi haikuficha kitu. Alielewa, akafunga mlango. Kwa kijana wa mtaani, neno hilo lilikisogeza karibu kitu cha kuonewa haya, likakifanya kama vazi la kila siku. Kwa hiyo tafsida haikai ndani ya neno peke yake. Inategemea nani anasikia, na ana mamlaka gani. Tena Super Matimila haikuwa bendi ya chombo cha umma: redio ilipogoma, wimbo ulibaki na kumbi za dansi na kanda za kaseti.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya kale. Redio binafsi zimejaa tangu miaka ya 1990, lakini mwaka 2018 mamlaka zilizuia nyimbo kadhaa za Bongo Fleva zisirushwe hewani. Mlango bado una bawabu. Remmy alifariki mwaka 2010, na Sinza kuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy mpaka leo. Watu wa mtaani wamekwisha kutoa hukumu yao; sisi wa semina tungali tunahesabu tamathali. Tuongeze swali moja katika uhakiki wetu: wimbo huu, nani aliuruhusu usikike?