Kutoka Mashine za Kufuma hadi Magari: Ukoo wa Toyoda Ulivyokuza Viwanda Vyake

Kampuni ya magari ya Toyota ilianza kama idara ndani ya kiwanda cha mashine za kufuma nguo. Septemba 1933, Toyoda Automatic Loom Works ya mjini Kariya, katika mkoa wa Aichi nchini Japani, ilifungua kitengo cha magari, na kwa miaka minne gari likawa kazi ya pembeni ya kampuni iliyojulikana kwa mitambo ya pamba. Ukoo wa Toyoda umevisimamia viwanda hivyo kwa vizazi vinne, kutoka kwa Sakichi, mtoto wa seremala, hadi kwa kitukuu wake Akio. Jambo la kuchambua hapa ni njia iliyotumika. Kila kizazi kilipewa kazi mpya badala ya kukalia ile ya baba, na kazi ya zamani haikufungwa: ndiyo iliyolisha ile mpya mpaka iliposimama.

Sakichi Toyoda alizaliwa mwaka 1867 katika kijiji cha Yamaguchi, ambacho sasa ni sehemu ya mji wa Kosai, mkoa wa Shizuoka. Baba yake alikuwa seremala na mkulima, na wanawake wa eneo hilo walifuma vitambaa vya pamba nyumbani. Hataza yake ya kwanza, ya mwaka 1891, ilihusu kitanda cha mfumi cha mbao ambacho mfumaji alikiendesha kwa mkono mmoja badala ya miwili. Mwaka 1896 alikamilisha mashine ya kufuma iliyoendeshwa kwa nguvu za mvuke, ya kwanza ya aina yake kubuniwa Japani.

Ubunifu haukumpa umiliki. Kampuni iliyoundwa mwaka 1899 na nyumba ya biashara ya Mitsui ilimweka kama fundi mkuu tu. Nyingine, iliyoanzishwa mwaka 1907 kwa fedha za wawekezaji, ilibeba jina lake, lakini mwaka 1910 biashara ilipodorora alilazimishwa kujiuzulu. Alisafiri Marekani na Ulaya, kisha akarudi na kujenga kiwanda chake mwenyewe cha kufuma mjini Nagoya. Uamuzi huo ndio uliobadilisha mwelekeo wa ukoo. Kiwanda cha kufuma kiliingiza fedha kila siku kwa kuuza vitambaa, na papo hapo kikawa mahali pa kujaribia mashine mpya bila kumwomba mwekezaji ruhusa. Mwaka 1914 akaongeza usokotaji wa nyuzi, kwa sababu uzi mbovu ulipokatika haikujulikana kama kosa ni la uzi au la mashine. Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha bei ya nguo, faida ikaongezeka, na mwaka 1918 biashara ikasajiliwa kuwa kampuni ya hisa chini ya udhibiti wa familia.

Matunda ya miaka hiyo ni mashine ya Aina G ya mwaka 1924. Kitambaa hufumwa kwa nyuzi za mtande, zinazokwenda kwa urefu, na uzi wa mshindio unaopitishwa katikati yake na kibao kinachorushwa huku na huko. Katika mashine za kawaida, uzi wa kibao ulipokwisha, mfanyakazi alisimamisha mtambo, akaweka kibao kingine na kuuwasha tena. Aina G ilibadilisha kibao chenyewe huku ikiendelea kwa kasi ileile. Upande wa mtande, kila uzi ulishikilia kipande chembamba cha chuma. Uzi ukikatika, kipande huanguka na kuizima mashine, hivyo kitambaa chenye kasoro hakiendelei kufumwa. Kwa kuwa mashine ilijisimamia, mfanyakazi mmoja aliweza kuangalia mashine 30 hadi 50. Novemba 1926 Toyoda Automatic Loom Works ilianzishwa Kariya ili kuzitengeneza kwa wingi. Viwanda vya Japani vilivyotumia mashine za namna hiyo ndivyo vilivyojaza vitambaa vya bei nafuu katika masoko ya Asia na Afrika, pamoja na maduka ya Mombasa na Unguja katika miaka ya 1930.

Desemba 1929, Platt Brothers ya Oldham, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikiuzia dunia mitambo ya nguo, ilikubali kununua haki za Aina G nje ya Japani, China na Marekani kwa pauni 100,000. Hadithi inayopendwa husema kwamba Sakichi, kabla ya kufariki Oktoba 1930, alimkabidhi fedha hizo mwanawe Kiichiro na kumwambia akatengeneze magari. Hesabu haiipi hadithi hiyo nguvu. Pauni 100,000 zilikuwa takriban yen milioni 1, malipo yalikuwa ya awamu, sehemu ilitumika kuwatunza wafanyakazi, na Platt, ikibanwa na mdororo wa uchumi, baadaye ilijadili na kupunguziwa deni. Toyota Motor ilipoanzishwa mwaka 1937, mtaji wake ulikuwa yen milioni 12. Gari lililipiwa na faida ya mashine za kufuma na hisa mpya, na idhini ya kufanya hivyo ilibidi itafutwe ndani ya familia yenyewe.

Sakichi hakumweka mwanawe juu ya kila kitu. Binti yake Aiko aliolewa mwaka 1915 na Risaburo Kodama, mtu wa biashara ambaye, kwa desturi ya Kijapani, aliingizwa katika ukoo na kuchukua jina la Toyoda. Risaburo, aliyemzidi Kiichiro miaka kumi, ndiye aliyekuwa rais wa kampuni ya mashine za kufuma, na Kiichiro, mhandisi aliyehitimu Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo mwaka 1920, akawa mkurugenzi chini yake. Hivyo shemeji mmoja alishika daftari na mwingine karakana. Risaburo aliliogopa gari, na alikuwa na sababu: Ford ilikuwa ikiunganisha magari Yokohama tangu 1925, na General Motors Osaka tangu 1927. Hata hivyo wanahisa walikubali mwaka 1934 kupandisha mtaji wa kampuni hadi yen milioni 3 na kuongeza magari katika kazi zake. Hofu ya Risaburo haikuizuia kazi, bali iliilazimisha ipite kwenye bodi na kwa wanahisa badala ya kutegemea shauku ya mrithi mmoja.

Ujuzi wa kiwanda cha zamani ulisaidia, lakini si mara zote. Mafundi wa Kariya walikuwa wakisubu vyuma vya mashine za kufuma na kuvichonga kwa vipimo vidogo sana, hivyo walidhani injini ingewezekana kwa urahisi. Bloku ya injini ikawashinda: mabomba ya maji na matundu ya silinda yalihitaji kalibu za ndani ambazo chuma cha moto kilizivunja, na bloku nyingi zilitupwa kabla ya kupatikana nzima. Chuma cha magari nacho hakikupatikana nchini kwa ubora uliotakiwa, ikabidi kampuni ianze kuyeyusha chake. Injini ya kwanza, iliyoiga ya Chevrolet, ilikamilika mwaka 1934. Lori la G1 liliingia sokoni Novemba 1935, na gari dogo la AA likafuata mwaka 1936. Mwaka huohuo serikali, iliyokuwa ikijiandaa kwa vita, ilitunga sheria iliyotoa leseni kwa watengenezaji wa ndani na kuwabana Wamarekani, ambao kufikia 1939 walikuwa wameacha uzalishaji. Bila sheria hiyo ni vigumu kuona namna ambavyo kampuni changa ingeishinda Ford. Agosti 1937 magari yalitengwa kuwa kampuni inayojitegemea, Toyota Motor, na kiwanda chake kikubwa cha Koromo kikamilika Novemba 1938.

Jaribio kubwa zaidi halikutoka kwa washindani. Mwaka 1949 serikali ilibana mikopo ili kuzuia mfumuko wa bei, wateja wakashindwa kulipa, na Toyota ikakaribia kufilisika. Benki 24, zikiratibiwa na tawi la Benki Kuu ya Japani mjini Nagoya, zilikubali kuiokoa kwa masharti, likiwemo la kutenga mauzo kuwa kampuni nyingine. Kupunguza wafanyakazi kulizaa mgomo kuanzia Aprili 1950, zaidi ya 2,000 wakaondoka, na Kiichiro, aliyekuwa ameahidi kutofukuza mtu, akajiuzulu urais mwezi Juni. Wiki chache baadaye vita vya Korea vilianza na jeshi la Marekani likaagiza maelfu ya malori. Ukoo haukutafuta ndugu wa kuziba nafasi. Taizo Ishida, mtumishi wa muda mrefu wa biashara za nguo za ukoo huo ambaye wakati huo alikuwa rais wa kampuni ya mashine za kufuma, alichukua usukani, na kampuni mama ikamkopesha mtoto wake kiongozi. Ishida alikusudia kumrudishia Kiichiro kiti, lakini Kiichiro alifariki Machi 1952, na Risaburo naye akafuata mwezi Juni mwaka huohuo.

Katika miaka hiyo ya uhaba kitu kingine kilihama kutoka pamba kwenda kwenye chuma. Taiichi Ohno, ambaye hakuwa wa ukoo, aliajiriwa na kiwanda cha nguo cha Toyoda mwaka 1932 na kuhamia magari mwaka 1943. Kwenye nguo alikuwa amezoea kuona mtu mmoja akihudumia mashine nyingi. Kwenye magari alikuta kila fundi amesimama mbele ya mashine moja akiitazama ikikata chuma. Akazipanga upya ili fundi mmoja aendeshe kadhaa, akaweka vifaa vya kuzizima zenyewe kasoro ikitokea, na baadaye akampa kila mfanyakazi haki ya kusimamisha mstari mzima. Ni kanuni ileile ya uzi uliokatika. Akaiunganisha na wazo la Kiichiro la kuleta vipuri pale tu vinapohitajika, na huo ndio mfumo wa uzalishaji ambao viwanda vya dunia vimeuiga tangu miaka ya 1980. Mlinzi wa Ohno katika uongozi alikuwa Eiji Toyoda, mtoto wa Heikichi, baba mdogo wa Kiichiro. Eiji alizuru viwanda vya Ford mwaka 1950 na kurejea akiamini kwamba kampuni ndogo haiwezi kushindana kwa kulundika akiba ya vipuri.

Eiji alikuwa rais kuanzia 1967 hadi 1982. Kizazi cha tatu, Shoichiro mwana wa Kiichiro, kilianza kwa kuunganisha tena uzalishaji na mauzo Julai 1982, kisha kikajenga viwanda Marekani. Kuanzia 1995 hadi 2009 marais watatu mfululizo walitoka nje ya ukoo. Akio aliirudishia familia kiti Juni 2009, baada ya kampuni kupata hasara ya kwanza ya uendeshaji katika miongo mingi, na mwaka uliofuata alihojiwa na Bunge la Marekani kuhusu magari yaliyorudishwa kwa kasoro. Alikabidhi urais kwa Koji Sato mwaka 2023 na kuwa mwenyekiti.

Kwa hisa, ukoo huo haumiliki Toyota kwa maana ya kawaida: sehemu ya Akio ni chini ya asilimia 1. Nguvu yake ilitokana na jina, na kampuni ndugu kushikiliana hisa. Toyota Industries, jina la sasa la kiwanda kile cha Kariya, ilikuwa na takriban asilimia 9 ya Toyota Motor, nayo Toyota Motor ilikuwa miongoni mwa wanahisa wakubwa wa Toyota Industries. Mpangilio huo ulizilinda kampuni hizo dhidi ya wanunuzi wa nje, lakini wawekezaji wa kisasa waliulalamikia kwa miaka kwamba unafungia mitaji bila faida. Juni 2025 ulitangazwa mpango wa kuitoa Toyota Industries katika soko la hisa kwa takriban yen trilioni 4.7, ambapo Akio mwenyewe angechangia yen bilioni 1. Kampuni hiyo sasa inaongoza duniani kwa mashine za kunyanyulia mizigo, na bado inatengeneza mashine za kufuma.