Leonard Cohen na Bendi Yake Jukwaani London

Rekodi ya Live in London, iliyotolewa mwaka 2009 kutokana na onyesho la Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Kanada, katika ukumbi wa O2 tarehe 17 Julai 2008, inastahili pongezi kwanza kwa ajili ya bendi. Cohen, aliyekuwa na umri wa miaka 73 na aliyekaa takriban miaka 15 bila kufanya ziara, alikuwa na sauti nzito iliyokaribia maongezi zaidi kuliko uimbaji, nao wanamuziki, wakiongozwa na mpiga gitaa la besi Roscoe Beck, waliiachia nafasi badala ya kushindana nayo. Anayevutia zaidi, pengine kuliko Cohen mwenyewe, ni Javier Mas wa Hispania, mpigaji wa bandurria, yaani ala ndogo yenye nyuzi 12 zilizopangwa jozi jozi, na wa laúd, ambayo jina lake lina asili moja ya Kiarabu na udi wa taarabu. Mwanamuziki wa bendi alipopiga peke yake, Cohen alivua kofia, akaishika kifuani na kusikiliza.