Nafasi ya Shujaa katika "Tumbo Lisiloshiba"

Anayechambua "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed kwa nadharia ya umuundo mara nyingi huishia kuorodhesha jozi kinzani: tajiri na maskini, jitu na Mzee Mago, mkazi wa mtaa wa Madongoporomoka. Orodha hiyo haina kosa, ila msomaji alikwisha kuyaona hayo kabla ya kuijua nadharia. Faida ya umuundo huonekana tunapouliza matukio yamefuatanaje, na ni tendo gani tulilolitarajia likakosekana. Vladimir Propp alionyesha mwaka 1928 kwamba ngano za maajabu za Kirusi hujengwa kwa matendo 31 tu. Mtendaji hubadilika, tendo likabaki. Kwa kipimo hicho, hadithi hii ni ngano ya zimwi. Jitu linaingia mkahawani, linafyeka chakula chote, linaahidi kurudi. Linarudi na mabuldoza kuibomoa Madongoporomoka. Ulaji unapanda daraja kama katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870: paka anaanza na kuku, anaingia kwenye mifugo, mwishowe anakula watu. Ila huko kitindamimba wa sultani anatoka, anamwinda paka huyo aliyekuwa nunda na kumuua. Huku hakuna anayelipasua tumbo lile.

Yuko atakayesema kwamba wakazi wenyewe ndio shujaa, maana wanarudi na kujenga upya. Sikubali. Tendo la shujaa ni kumwondoa mharibifu, na mharibifu huyu haguswi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hadithi inahusu unyakuzi wa ardhi, na umuundo hauna jicho la historia. Ni kweli kwa umuundo unaokomea kwenye orodha. Lakini hebu tuuondoe mlo wa mkahawani, tubaki na ubomoaji peke yake: tutakuwa na habari ya gazetini. Mlo ndio unaolitia jitu katika ukoo wa mazimwi, na Kiswahili kilikwisha kuandaa njia, kwani kwetu fedha huliwa, rushwa huliwa, hata amana ya yatima huliwa. Msomaji aliyelelewa na ngano anamngoja kitindamimba. Asipotokea, analazimika kuuliza ni nani katika mji huu mwenye wajibu wa kulizuia jitu, na kwa nini askari wamekuja upande wa mabuldoza. Historia inaingilia hapo, penye pengo. Ndiyo maana vibanda vinaposimama tena sioni ushindi: mtaa umerudi ulipokuwa kabla jitu halijaketi mezani, na jitu lingali na njaa.